Sahani ya Jirani Hairudi Tupu

Wazee wetu wa pwani walikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote, wala hakimu hakuwahi kumfunga mtu kwa kuivunja, nayo ilishikwa kuliko nyingi zilizoandikwa. Sheria yenyewe ni hii: sahani ya jirani hairudi tupu. Jirani akikuletea kitu, ukishakula utaiosha sahani yake, utaifuta, kisha utaitia chochote ulicho nacho, japo ndimu mbili au kipande cha muhogo, ndipo umtume mtoto airudishe.

Nami, msomaji mpendwa, nimeishi zaidi ya miaka 40 na sahani ya jirani ndani ya kabati langu. Leo nataka kukusimulia habari ya sahani hiyo, na habari ya kitamutamu kilichokuja juu yake, ambacho Wahindi hukiita chiki. Nitakueleza pia namna ya kukipika nyumbani, kwa vipimo, maana nimekipika kwa mikono yangu, na nilikiharibu mara mbili kabla ya kukipata.

NYUMBA YA BA

Nilizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, katika zile nyumba za ghorofa moja ambazo mtu akikohoa kwake, wa pili humwambia "afya". Upande wetu wa kulia walikaa Wagujarati, Mabaniani kama tulivyowaita. Mwenye nyumba alikuwa na duka la vitambaa. Mamake mzee wajukuu walimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao, nasi watoto wa mtaa tukamwita Ba vivyo hivyo. Jina lake jingine sikulijua wala sikulihitaji.

Kila mwaka, tarehe 14 Januari, Ba alituletea sahani ya stili iliyofunikwa kitambaa cheupe. Ndani yake mlikuwa na vipande vyembamba vyenye rangi ya kahaba, vya njugu na vya ufuta, vilivyokatwa pembe nne. Ukikiuma kimoja hulia "kach!" kisha huyeyuka mdomoni.

Siku hiyo ni sikukuu yao. Wagujarati huiita Uttarayan, na wengineo Makar Sankranti. Kwa hesabu yao ndiyo siku jua linapoingia katika buruji ya Jadi na kuanza safari yake ya kwenda kaskazini. Sikukuu zao nyingi hufuata mwezi, lakini hii hufuata jua, ndiyo sababu huangukia tarehe 14 au 15 Januari kila mwaka. Kule Gujarat watu hupanda darini wakarusha tiara kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Nasi Mombasa, wakati huo ndio kaskazi imeshika, basi upepo ulitufaa sote. Wajukuu wa Ba walirusha tiara zao, nasi tukarusha zetu, na dari za mtaa hazikujua dini ya mtu.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mwenye kuchunga mambo. Mwaka mmoja alimwambia mama aulize kwa adabu kama chakula hicho kimepita hekaluni, kwani kama kilitolewa kafara hakitatufaa. Kabla mama hajafungua kinywa, Ba alimwambia: "Mwambie mwalimu sahani yenu naitenga mapema. Yatoka jikoni kwangu yaja kwenu." Baba aliposikia hayo alinyamaza kidogo, kisha akachukua kipande. Tunayo methali isemayo kuwa Baniani ni mbaya, kiatu chake ndicho dawa. Mimi niliisikia methali hiyo mtaani, lakini nyumbani mwetu sikumsikia mtu akiisema.

KOSA LANGU

Agosti 1982 palikuwa na jaribio la kuipindua serikali, na katika machafuko yale maduka mengi ya Wahindi mjini Nairobi yaliporwa. Mombasa hapakuwa na jambo kubwa, lakini hofu haihitaji gari la moshi. Wahindi wengi walikuwa wamekwisha kuondoka Kenya tangu 1967 na 1968, sheria za uhamiaji na za biashara zilipobadilika. Sasa na mwana wa Ba akaanza kuuza vitu vyake.

Sahani ya mwisho ilikuja Januari 1983. Mama akapika kashata za nazi, akazipanga juu yake vizuri, akaniita: "Mwanangu, peleka kwa Ba, na umwambie mama asema ahsante." Nilikuwa na umri wa miaka 12. Nikatoka na sahani, nikawakuta wenzangu barazani, mmoja akaomba kashata, nikampa. Wa pili akaomba, nikampa. Tulipofika pwani sahani ilikuwa tupu. Nikasema moyoni kesho nitajua la kufanya. Mama aliponiuliza, nikajibu nimepeleka.

Siku ya tatu lori lilisimama mlangoni kwa Ba. Nilijificha nyuma ya dirisha nikaona wakipakia. Sahani ilikuwa chini ya kitanda changu.

Mama aliikuta baada ya wiki tatu alipokuwa akifagia. Nilingoja kipigo hakikuja. Aliigeuza tu, akatazama upande wa chini, ambako jina la ukoo limechongwa kwa vitone vya herufi za Kigujarati, kama ilivyo desturi yao ya kutia alama vyombo. Akasema: "Basi itunze wewe. Deni ni lako." Mama alifariki nami sijalilipa.

ASILI YA CHIKI

Kabla sijaendelea, nieleze chiki ni nini, maana wapo wasomaji watakaosema, "Hiyo si kashata tu?" Ni ndugu, lakini si pacha. Kashata zetu hupikwa zaidi kwa sukari nyeupe, nazo huwa nene na laini kidogo. Chiki hupikwa kwa sukari guru, shira yake hupikwa mpaka iwe kavu kabisa, kisha husukumwa ikawa nyembamba kama kigae.

Hilo neno "guru" lenyewe ni lao. Wao husema gur, nasi pwani tukasema sukari guru, na wenzetu wa bara wakasema sukari nguru. Limeingia pamoja na gari, bima, hundi, laki na chapati. Anayedai Wahindi na Waswahili wameishi mbalimbali na ajaribu kuzungumza siku moja asitumie maneno hayo.

Chiki ya ufuta ndiyo kongwe. Ufuta umelimwa Bara Hindi tangu zama za Harappa, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Njugu nyasa ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ilifika huko baada ya Wazungu kuvuka bahari. Kwa kuwa Januari kwao ni wakati wa baridi, huaminiwa kuwa ufuta na sukari guru hutia mwili joto. Katika jimbo la Maharashtra mtu humpa mwenziwe donge la ufuta na guru siku ile, akamwambia maneno yenye maana hii: pokea utamu huu, nawe useme maneno matamu. Punjab huwasha moto usiku wa tarehe 13 Januari wakala njugu na vitamutamu vya ufuta.

Kila mahali pana sifa yake. Mji wa Lonavala, kwenye njia ya reli baina ya Mumbai na Pune, umejulikana kwa chiki kiasi kwamba msafiri hapiti bila ya kununua, na wenyewe husimulia kwamba ilipata jina zama za ujenzi wa reli ile ya milimani, iliyofunguliwa mwaka 1863. Njugu kwa guru za Kovilpatti, katika Tamil Nadu, zilipewa mwaka 2020 hati ya serikali inayolinda jina la bidhaa kwa mahali inapotoka, na ile ya ufuta ya Morena, katika Madhya Pradesh, ikapata hati kama hiyo mwaka 2023.

Reli ikanikumbusha yetu. Ile ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa 1896 hadi 1901, ilijengwa na watu zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi. Yapata 2,500 walikufa kazini, wengi wakarudi kwao, na wachache, kiasi cha 6,700, wakabaki. Lakini tusisahau kuwa wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walikuwa wakija huku na majahazi yao karne nyingi kabla ya reli, wakiletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kihindi kuwa kabila la 44. Nilipoisoma habari hiyo gazetini nilikwenda kabatini nikaitazama sahani.

MGENI

Desemba iliyopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa barazani kwangu. Mtu wa makamo, mweupe wa ndevu, akasimama mbele yangu na mkewe.

"Bwana, wanijua?" akauliza kwa Kiswahili cha Mombasa kisicho na kasoro.

Nilimjua kwa kovu la kidevuni, alilolipata darini kwetu tulipogombania tiara. Alikuwa mjukuu wa Ba. Tulikumbatiana mpaka watu wakasimama kutazama. Anakaa Leicester, Uingereza, ambako wako Wagujarati wengi waliotoka Kenya na Uganda. Nikamuuliza habari za Ba, ingawa hesabu ya miaka nilikuwa nayo. Akasema alifariki zamani, huko huko.

Nilimuuliza kama nyumbani kwake wangali wakipika chiki. Akacheka: "Twanunua ya pakiti, ndugu yangu. Aliyejua ni Ba na mama. Hawakuandika, nasi hatukuuliza."

Nilitaka kunyanyuka nikamletee sahani yake. Kisha nikaikumbuka sheria. Nikamwambia: "Njooni kesho kutwa, alasiri, mnywe kahawa kwangu." Nilikuwa na siku mbili.

JIKONI

Mke wangu aliponiona nimekaa mbele ya seredani na mwiko mkononi alisema: "Leo bwana ameacha shairi, ashika shira!" Hakunisaidia mpaka alipocheka akatosheka.

Mara ya kwanza niliepua mapema. Shira ilikuwa ingali laini, na chiki yangu ikawa kama ulimbo. Ilimng'oa mjukuu wangu jino lililokuwa likicheza, akalia kisha akaomba kipande kingine. Mara ya pili niliogopa ulaini nikazidisha moto, ikaungua ikawa chungu kama shubiri. Asubuhi yake nilikwenda kwa bibi mmoja auzaye kashata karibu na Markiti, nikamweleza. Akanitazama kwa huruma. "Baba, moto wako mkubwa. Na hiyo guru yako ina maji. Tafuta iliyo kavu, iliyo ngumu."

Ya tatu ilikuwa hivi, nawe ukitaka fuata hatua kwa hatua.

Chukua njugu nyasa vikombe 2. Zichague kwanza moja moja. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, usimpe hata kuku, maana ukungu huo huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, nayo haiishi kwa kukaangwa. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa Ukambani kwa sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi. Zilizobaki zikaange kavu kwa moto mdogo, ukizigeuza daima, mpaka maganda yake yakauke na kufanya madoa. Zikipoa, zifikiche kwa viganja, uzipepete kwa uteo maganda yatoke, kisha uzivunje vunje ziwe nusu nusu.

Kabla hujagusa sukari, weka kila kitu tayari, kwa sababu baadaye hutakuwa na nafasi ya kutafuta kijiko. Paka samli kibao cha chapati, mti wa kusukumia na kisu. Weka karibu bakuli la maji baridi.

Ponda sukari guru kavu, upime kikombe 1 na nusu. Teleka sufuria nzito juu ya moto mdogo, tia kijiko 1 cha samli, kisha guru. Koroga kwa mwiko wa mbao. Itayeyuka, itatoa povu, na rangi itageuka kutoka ya asali kuwa ya kahawia yenye wekundu. Hapo anza kuijaribu. Dondosha tone katika maji baridi. Likiwa laini kama nta, bado. Likivutika kama uzi, bado. Likigumaa, ukilivunja likalia "tik!" kama kijiti, na ukilitafuna lisigande menoni, imeiva. Wenye vipimajoto husema ni kiasi cha nyuzi 150 za Selsiasi. Ba hakuwa na kipimajoto. Nakumbuka alikuwa akilivunja lile tone karibu na sikio.

Ikifika hapo usingoje hata kidogo. Epua, tia iliki iliyosagwa robo kijiko na njugu zote, koroga upesi, mimina juu ya kibao, usukume mpaka iwe nyembamba kama upana wa njugu moja. Ingali moto, ikate mistari kwa kisu. Ikipoa, ivunje kwa kufuata mistari. Watoto wasikaribie wakati wa kumimina, kwani shira ina moto kuliko maji yachemkayo, nayo ikimwangukia mtu hung'ang'ania ngozi.

Ukitaka ya ufuta, chukua kikombe 1 cha ufuta, uukaange mpaka uanze kuruka ruka, na sukari guru robo tatu ya kikombe. Namna ni ile ile.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na guru huvuta maji kutoka hewani. Basi usiiache wazi. Itie mkebeni wenye kifuniko cha kubana, itakaa hata wiki mbili, kama nyumbani mwako hamna wajukuu.

Neno moja la haki. Wapo wasemao sukari guru ni dawa, na mwenye kisukari aweza kula apendavyo. Si kweli. Ina madini machache ambayo nyeupe haina, lakini sukari ni sukari. Mwenye maradhi hayo na ajizuie, au amsikilize daktari wake.

SAHANI IMERUDI

Walikuja alasiri kama tulivyoagana. Nikaleta sahani imefunikwa kitambaa cheupe. Alipokifunua alitazama chiki, kisha akakiondoa kipande kimoja, akainyanyua sahani na kuchungulia chini yake. Akazipitisha kidole zile herufi. Alinyamaza muda mrefu, na mkewe akaushika mkono wake.

Nikamweleza yote: kashata za mama, baraza, pwani, na uongo wangu. Sikumficha kitu. Nilipomaliza aliniangalia, kisha akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka.

"Wewe! Kwani wasahau? Mimi nilikuwa mmoja wao! Nilikula kashata tatu! Sikujua ni za Ba."

Kweli nilikuwa nimesahau. Miaka 40 nimewakumbuka wote waliokula siku ile isipokuwa yeye.

Alikula kipande cha njugu, akala cha ufuta. "Ni yake hasa," alisema, "ila Ba alikuwa akitia na tangawizi kavu kidogo." Basi nawe, msomaji, ukipenda ongeza tangawizi, mimi nimekwisha kukosolewa.

Aliniomba mapishi. Nikayaandika kwa Kiswahili kwenye karatasi, na kwa kuwa mtunzi hawezi kuiacha karatasi ikiwa na nafasi, chini yake nikatia ubeti huu:

Sahani yake jirani, haifai kuwa tupu,
Itie kitu nyumbani, japo si kujaza kapu,
Neno tamu la moyoni, lisiwe kama upupu,
Chiki huvunjwa kwa meno, udugu usivunjike.

Wakaondoka na sahani yao. Nililala usiku ule kama mtu aliyetua mzigo.

Ijumaa, siku ya kuagana, alikuja mbio, gari likimngoja mwisho wa kichochoro. Mkononi alikuwa na ile ile sahani ya stili, na juu yake haluwa na tende alizozinunua mjini. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hii ni yenu, irudi kwenu." Akasema, "Sheria ni sheria. Yabaki hapa mpaka uje kuirudisha."

Leicester si mlango wa pili. Lakini pasipoti yangu nimeitafuta nikaiona imekwisha muda, na wiki hii nimekwenda kupiga picha ya mpya.